Neva ya nane: mshipa mmoja wenye mizigo miwili

Mwishoni mwa miaka ya 1950, shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na chuo cha tiba ya anga cha Jeshi la Majini la nchi hiyo, waliwatafuta wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet mjini Washington. Walizungushwa ndani ya chumba kinachojipindua mithili ya jiwe la kusagia, wakarushwa angani kwa ndege zinazopanda na kushuka ghafla. Halafu wakapandishwa kivuko kwenye pwani ya Nova Scotia, Kanada, bahari ikiwa imechafuka. Watafiti walitaka kuona miili yao itafanyaje.

Hawakutapika. Walikaa wakicheza karata na kufurahia safari yao. Waliozidiwa na kichefuchefu ni watafiti wenyewe, hata jaribio likabidi lisitishwe.

Mfanyabiashara aliyewahi kulala melini akivuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza kwenda Bukoba, au aliyewahi kupanda boti ya Unguja wakati wa kusi, atataka kujua siri ya watu hawa. Haikuwa tangawizi, haikuwa ndimu, wala kidonge. Kumi kati ya wale 11 walipata uziwi wakiwa wadogo kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa huo huo ulioziba masikio yao ulizima pia kifaa cha mizani ya mwili kilichomo ndani kabisa ya sikio. Mawimbi yaliwarusha kama yalivyowarusha wengine, ila ubongo wao haukupelekewa taarifa.

Mpeleka taarifa huyo ni mshipa wa fahamu ambao madaktari huuita neva ya nane. Watu wengi hawajawahi kuusikia ukitajwa, na wale wanaoufahamu mara nyingi wameufahamu baada ya kuumizwa. Kwa watu wanaoishi kwa kupatana bei sokoni, kuvuka barabara zenye malori na kubeba mizigo begani au kichwani, huu ni mshipa wa riziki. Tena ni mshipa unaoweza kuharibiwa na vitu vinavyopatikana kirahisi katika miji ya mpakani: spika kubwa, mashine za kusaga, na sindano ya bei nafuu kutoka duka la dawa la ng'ambo.

Kichwani mwa binadamu kuna jozi 12 za neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo. Ya kwanza ni ya kunusa, ya pili ni ya kuona, ya saba inaendesha misuli ya uso. Ya nane imekaa jirani na hiyo ya saba, na zote mbili hupita katika kijia kimoja ndani ya mfupa ulio nyuma ya sikio, mfupa ambao ni miongoni mwa migumu kuliko yote mwilini. Kijia hicho kina urefu wa takriban sentimita moja tu. Ndiyo maana uvimbe ukiota humo ndani, mtu anaweza kuanza kwa kupoteza usikivu wa sikio moja na baadaye uso ukaingia ganzi au kulegea upande huo huo. Damu nayo hufika sikio la ndani kwa mshipa mmoja mwembamba. Ni kama mji wenye barabara moja isiyo na mchepuo: ikifungwa, hakuna lori litakalofika.

Ingawa huitwa neva moja, kwa kweli ni mafungu mawili ya nyuzi yaliyosokotwa pamoja. Fungu moja, lenye nyuzi zipatazo 30,000, hubeba sauti. La pili, lenye nyuzi chache zaidi, hubeba habari za mizani: kichwa kimeinama upande gani, mwili unazunguka, unapanda, unashuka au umesimama.

Fungu la sauti huanzia kwenye koklea, kiungo chenye umbo la gamba la konokono kilichojizungusha mara mbili na nusu. Kikinyooshwa hakifiki sentimita nne. Sauti ikiingia sikioni hutikisa kiwambo, kiwambo hutikisa vifupa vitatu vinavyoitwa nyundo, fuawe na kikuku, na kikuku, chenye urefu wa milimita tatu hivi na ambacho ndicho kifupa kidogo kuliko yote mwilini, husukuma kimiminika kilichomo ndani ya konokono huyo. Kazi ya vifupa hivyo ni kuongeza nguvu. Kusukuma hewa ni rahisi, kusukuma maji ni kazi nzito. Bila vifupa hivyo sehemu kubwa ya sauti ingegonga kimiminika na kurudi nje, kama anavyoshindwa mtu aliye chini ya maji kumsikia anayemwita kutoka ufukweni.

Ndani ya koklea kuna seli zenye vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho. Mawimbi ya kimiminika yakipita, vinywele huinama, na kule kuinama huzaa umeme mdogo ambao neva huupeleka kwenye ubongo. Kila sikio lina seli hizo kama 15,000, na kati yake zinazofanya kazi ya kupeleka sauti hasa ni kama 3,500 tu. Jicho lina vipokezi vya mwanga zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo sikio linafanya biashara kubwa kwa mtaji mdogo sana, na mtaji wenyewe haurudishwi: kwa binadamu, seli ya kinywele ikifa haioti nyingine.

Mpangilio wa seli hizo ndio unaoeleza kwa nini uziwi wa watu wazima huanza kwa namna ya ajabu. Zile za mlangoni mwa koklea hupokea sauti nyembamba, na zile za ndani kabisa hupokea sauti nzito. Za mlangoni ndizo hufa mwanzo, iwe ni kwa uzee, kwa kelele au kwa dawa. Mtu aliyepoteza seli hizo bado anasikia. Anasikia lori, anasikia ngoma, anasikia kwamba mteja anazungumza. Kinachompotea ni herufi nyembamba kama s, f, t na sh, wakati irabu, ambazo ni nzito zaidi, zinamfikia vizuri.

Katika Kiswahili jambo hili lina hatari yake kibiashara. “Sita” na “tisa” zina irabu zile zile katika mpangilio ule ule. Kinachozitofautisha ni s na t kubadilishana nafasi. Vivyo hivyo “sitini” na “tisini”. Mtu mwenye seli za mlangoni zilizochoka anayeambiwa bei katikati ya kelele za soko anabaki na i na a, na iliyobaki anakisia. Akikosea kwenye gunia moja ni hasara ndogo. Akikosea kwenye simu akiagiza magunia 40 ya maharage, ni ugomvi. Wengi wa aina hii husema, “Nasikia vizuri, ila watu siku hizi hawatamki maneno,” na hulaumu simu. Familia zao ndizo hugundua kwanza, kwa kuwa redio inapandishwa kila mwaka.

Fungu la pili, la mizani, huanzia kwenye vifaa vitano vidogo vilivyo jirani na koklea. Vitatu ni mifereji ya nusu duara, kila mmoja ukiwa umeelekea upande wake: mmoja hupima kichwa kinapoitikia ndiyo, mwingine kinapokataa, wa tatu kinapolala begani. Viwili vilivyosalia ni vifuko vyenye utando uliotandazwa chembechembe za chokaa. Chembe hizo ni nzito kuliko kimiminika kinachozizunguka, hivyo mtu akiinama, au gari likishika breki, huteleza kidogo na kuvuta vinywele vilivyo chini yake. Kwa njia hiyo mwanamke aliyejitwisha beseni la ndizi anajua, hata akifumba macho, kwamba kichwa chake kimeanza kulala kushoto, na misuli ya shingo na miguu inarekebisha kabla hajafikiri.

Habari za mizani haziendi ubongoni tu kukaa. Nyingine huteremka kwenye uti wa mgongo kuamuru miguu, na nyingine huenda moja kwa moja kwenye neva zinazozungusha macho. Msomaji anaweza kujaribu hili sasa hivi kwa ukurasa huu. Aushike bila kuutikisa, kisha atikise kichwa kushoto na kulia kwa kasi huku akiendelea kusoma: maneno yanasomeka. Halafu aache kichwa kimetulia na kulitikisa gazeti kwa kasi ile ile: maneno yanageuka ukungu. Tofauti hiyo ni kazi ya neva ya nane. Kichwa kinapogeuka kulia, macho husukumwa kushoto kwa kiasi kile kile ndani ya muda upatao sehemu ya mia ya sekunde.

Kichefuchefu cha safari nacho hutokea hapo. Abiria aliyefungiwa chini ya meli anaona kuta zimetulia, lakini mifereji yake inapiga kelele kwamba mwili unapanda na kushuka. Ubongo unapokea ripoti mbili zinazopingana na haujui uamini ipi. Ndiyo sababu kutoka nje na kutazama upeo wa macho husaidia, kwa kuwa macho na sikio huanza kukubaliana. Na ndiyo sababu wale viziwi 11 waliendelea na karata zao: kwao ripoti ilikuwa moja.

Hilo lisimfanye mtu adhani kukosa mizani ni bahati. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani aliandika katika jarida la kitabibu kuhusu maisha yake baada ya neva yake ya mizani kuuawa na dawa aliyochomwa kutibu kifua kikuu. Siku za mwanzo, hata akiwa amelala kitandani, mapigo ya moyo wake mwenyewe yalitikisa kichwa kiasi cha kutosha kurusharusha herufi za kitabu. Ili asome ilimbidi akiegemeze kichwa katikati ya vyuma viwili vya kitanda. Baadaye, akitembea barabarani, hakuweza kutambua sura za watu waliompita mpaka asimame. Gizani alijiona hana mwelekeo.

Dawa iliyomfanyia hivyo ni streptomaisini. Iligunduliwa mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman nchini Marekani na mwanafunzi wake Albert Schatz, na ilikuwa dawa ya kwanza kuua vijidudu vya kifua kikuu kwa uhakika. Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Iliokoa watu wengi mno, na kila anayeitaja vibaya hana budi kulikumbuka hilo. Lakini tangu majaribio ya awali kwa wagonjwa ilionekana kwamba baadhi yao hupata kizunguzungu na kuyumba. Streptomaisini ina ndugu zake: jentamaisini, kanamaisini, amikasini na neomaisini. Ukoo mzima una tabia ya kupenya kwenye sikio la ndani na kuua seli za vinywele. Streptomaisini na jentamaisini hushambulia zaidi mizani. Kanamaisini, amikasini na neomaisini hushambulia zaidi usikivu. Sikio lina njia ndogo ya kuzitoa, kwa hiyo hubaki humo kwa muda mrefu kuliko katika damu. Mtu anaweza kumaliza sindano Ijumaa na kuanza kuyumba wiki zinazofuata, wala asihusishe mambo hayo mawili.

“Sikio la kufa halisikii dawa,” husema wahenga. Hapa ni dawa inayoliua sikio.

Kwa wagonjwa wa kifua kikuu mambo yamebadilika kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza ule utaratibu wa zamani wa kuwarudia wagonjwa kwa streptomaisini. Mwaka uliofuata likatangaza kwamba kanamaisini na kapriomaisini hazipendekezwi tena hata kwa kifua kikuu sugu, na likasukuma mbele tiba ya vidonge vitupu. Dereva au utingo anayetibiwa kifua kikuu leo akiambiwa kwamba lazima achomwe sindano kwa miezi kadhaa ana haki ya kuuliza ni sindano gani, kwa nini si vidonge, na masikio yake yatapimwa lini. Wapo ambao kwao amikasini bado ni lazima. Kwa hao kipimo cha usikivu hufanywa kabla ya kuanza na kurudiwa mara kwa mara wakati wa tiba, kwa sababu kipimo hugundua kufa kwa sauti nyembamba kabla mgonjwa mwenyewe hajagundua. Asiache tiba kwa hofu: kifua kikuu kisichotibiwa huua. Na anayesafiri katikati ya matibabu aombe barua ya kuhamishiwa kituo cha upande wa pili yenye jina la kila dawa na dozi yake, badala ya kutegemea kumbukumbu.

Hatari iliyo karibu zaidi na mfanyabiashara ni jentamaisini. Ni dawa ya heshima. Mpaka sasa ni miongoni mwa zinazookoa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Ni ya bei nafuu, na hapo ndipo tatizo lilipo. Mtu mwenye homa isiyoeleweka, au maumivu ya kukojoa, au kidonda kisichopona, hana muda wa kupanga foleni hospitali kwa sababu mzigo wake uko foroda. Anaingia duka la dawa, anapewa “sindano ya nguvu”, anachomwa leo upande huu na kesho upande wa pili wa mpaka, wakati mwingine kwa jina tofauti. Boksi la upande mmoja limeandikwa Kiingereza, na la upande wa Kongo au Burundi huenda limeandikwa Kifaransa. Mchomaji wa pili hajui kama mgonjwa tayari alishapewa dozi ya siku hiyo.

Figo ndizo huondoa dawa hizi mwilini. Mwenye figo dhaifu, mzee, mtu aliyeishiwa maji kwa kuharisha au kwa kushinda juani bila kunywa, anabaki na dawa nyingi kwenye damu na sikio lake huoga humo. Anayetumia pamoja nazo dawa kali ya kukojoza kama furosemide, ambayo wenye matatizo ya moyo hupewa, anaongeza hatari. Na wapo watu wanaorithi kwa mama udhaifu fulani unaofanya hata dozi ya kawaida iwatie uziwi. Koo ambazo ndugu wa tumbo moja wamewahi kupoteza usikivu baada ya sindano zinapaswa kulitaja jambo hilo kwa kila daktari.

Swali la kuuliza dukani ni fupi: “Hii ni ya ukoo wa jentamaisini? Itapita masikioni?” Muuzaji asiyeweza kujibu hapaswi kuchoma. Kuangalia mwisho wa jina pekee hakutoshi, kwa kuwa dawa nyingi za koo nyingine nazo huishia kwa “maisini”. Kitu cha maana ni kubeba karatasi. Wafanyabiashara wadogo wamezoea kutembea na cheti cha asili ya bidhaa ndani ya mfuko wa nailoni. Kipande cha karatasi chenye jina la dawa, kiasi na tarehe kinaweza kukaa humo humo.

Matone ya sikio yastahili kutajwa. Yale yenye jentamaisini au neomaisini yakidondoshwa kwenye sikio ambalo kiwambo chake kimetoboka, kama ilivyo kwa watu wengi wenye sikio linalotoa usaha kwa miaka, yanaweza kufika sikio la ndani. Sikio litazamwe kwanza kwa taa.

Kwinini nayo huvumisha masikio. Waliotibiwa malaria zamani wanaukumbuka mlio ule. Aspirini kwa dozi kubwa hufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida hayo hupita dawa zikiachwa. Uharibifu wa ukoo wa streptomaisini haupiti.

Kisha kuna kelele, ambazo hazihitaji sindano. Wataalamu wa afya kazini hupima sauti kwa desibeli, na kiwango wanachokiweka kama mpaka kwa kazi ya saa 8 kwa siku ni desibeli 85. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hugawanywa kwa mbili: kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 94 ni saa moja, na kwa 100 ni dakika 15. Asiye na kipimo anaweza kutumia mkono wake: kama ni lazima apaze sauti ili asikike na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, amefika kwenye 85 au amepita. Muuza mitumba aliyeegemea spika ya tangazo siku nzima amepita mbali. Mwenye mashine ya kukoboa mahindi, anayesimama kando ya jenereta, na bodaboda aliyetoboa bomba la moshi ili asikike wako kundi hilo hilo. Mlio unaobaki masikioni usiku baada ya gulio ni seli zinazolalamika. Zikipumzishwa hupona kiasi; zikirudishwa kila wiki hufa moja moja. Kugeuza spika itazame wateja na si muuzaji ni jambo lisilogharimu hata shilingi. Vizibo vya mpira au sponji hufaa. Pamba ya kawaida haizuii kitu cha maana.

Kizunguzungu kinahitaji maneno yake, kwa sababu sokoni kila kizunguzungu huitwa presha. Aina iliyo ya kawaida kuliko zote ya kizunguzungu cha sikioni haina uhusiano na presha. Zile chembe za chokaa huchomoka kwenye kifuko chake, aghalabu kwa uzee au baada ya kugonga kichwa, na kudondokea ndani ya mmoja wa mifereji ya nusu duara. Mgonjwa akijigeuza kitandani, au akiinua kichwa kufikia bidhaa ya rafu ya juu, dunia huzunguka kwa sekunde kadhaa, chini ya dakika moja, halafu hutulia. Huogopesha kupita kiasi, lakini tiba yake haina kidonge. Daktari humlaza mgonjwa na kukigeuza kichwa chake kwa hatua maalumu mpaka chembe zirudi zilikotoka. John Epley, daktari wa masikio wa Marekani, alibuni utaratibu huo na kuueleza kwa ukamilifu mwaka 1992. Wengi hupata nafuu kwa kikao kimoja au viwili. Anayemeza dawa ya presha kwa tatizo hili anapoteza pesa, na anaweza kuzidi kuyumba presha yake ikishushwa bila sababu.

Njia ya kuipima neva hii ya mizani ilipatikana kwa bahati. Robert Bárány, daktari wa Vienna, alikuwa akiosha masikio ya wagonjwa kwa maji. Mmoja alilalamika kwamba maji baridi yanamtia kizunguzungu. Maji yalipoletwa ya moto mno, kizunguzungu kikarudi, ila macho ya mgonjwa sasa yalichezacheza kuelekea upande mwingine. Bárány akatambua kwamba joto na baridi husogeza kimiminika cha mifereji, kama maji ya sufuria yanavyopanda yakipata moto. Alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zake zilimkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Kipimo cha maji ya moto na baridi kinatumika mpaka leo.

Zipo dalili ambazo hazisubiri mzigo upite forodhani. Sikio moja likiziba ghafla, kati ya usiku na asubuhi, bila mafua wala nta, ni dharura: dawa za kupunguza uvimbe hufanya kazi vizuri zikianza ndani ya siku chache, na baada ya wiki kadhaa nafasi hiyo huwa imepita. Kizunguzungu kinachoambatana na uso kupinda, ulimi kuwa mzito, mkono kulegea, kuona viwiliviwili au kushindwa kabisa kusimama kinaweza kuwa kiharusi, na hapo ni saa zinazohesabiwa. Sikio moja linalofifia polepole kwa miezi, likiwa na mlio, lipimwe pia; huenda ni uvimbe ule wa kwenye kijia cha mfupa. Kwa kawaida si saratani, lakini hukua.

Na kuna mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo. Wazazi humshukuru Mungu kwamba yu hai, na hupita miezi kabla ya kutambua kwamba haitiki akiitwa, au kwamba aliyekuwa akitembea sasa anaangukaanguka. Usikivu wake unatakiwa kupimwa mapema, hata kabla hajatoka hospitali ikiwezekana, kwa sababu baada ya ugonjwa huo koklea inaweza kuanza kujaa mfupa, na ikishajaa hakuna waya utakaoingia. Waya huo ni sehemu ya kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji: huingizwa ndani ya yule konokono, huziruka seli zilizokufa na kuitekenya neva kwa umeme moja kwa moja. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza kufanya upasuaji huo mwaka 2017. Ni ghali, na baada yake mtoto hufundishwa kusikia kwa miaka. Kifaa hicho kinaweza kushika nafasi ya kiwambo, vifupa na seli zote 15,000. Neva yenyewe lazima iwe hai.